Kuipeleka Kimondo Ngarenanyuki

Nilifunga safari kwa sababu ya nadhiri ya mtu mwingine. Shemeji yangu Elirehema, aliyemwoa dada yangu Naomi kule Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, alikuwa ametamka mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake Anaeli hatatoka nyumbani kwenda kufunga ndoa mpaka bendi ya Kimondo iwe imepiga wimbo wa "Ukungu wa Momela" uani kwake. Alipotamka hayo bendi ilikuwa hai. Kisha kiwanda kilichomiliki bendi hiyo kikauzwa kwa mtu binafsi, na mwenye mali mpya akaona anahitaji mashine, si wapiga magitaa. Vyombo vikauzwa, wanamuziki wakatawanyika. Harusi ikabaki palepale, Jumamosi.

Dada akaniletea ujumbe: "Kaka, wewe ni mzee wa kanisa. Njoo umfungue huyu mtu nadhiri yake, au utuletee hiyo bendi."

Majirani zangu wa hapa Kisongo mnaikumbuka Kimondo. Walipiga muziki ambao vijana waliuita roki, magitaa ya umeme yakilia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Mashabiki wao walikuwa na utaratibu wao. Ukumbini, watu wa gitaa la solo walisimama kushoto na watu wa gitaa la besi kulia, na mtu wa besi hakukanyaga upande wa solo hata kama mkewe yuko huko. Mimi sikuwa wa upande wowote. Katika baraza letu la wazee nilikuwa nimepinga kwaya kununua gitaa la umeme, na nilikuwa na mistari ya Biblia ya kutosha.

Ijumaa asubuhi nilifika Sombetini. Nilimkuta Sadiki, aliyekuwa mpiga solo, ameinamia redio ya mteja, bisibisi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwaomba Kimondo mkapige harusini."

"Kimondo haipo, mzee. Nipo Sadiki tu, na gitaa langu."

Nikamweleza habari ya nadhiri. Alipolisikia jina la Elirehema akaweka bisibisi chini.

"Yule mrefu wa besi? Aliyekuwa anaanza kulia sisi tukiwa bado tunafunga nyaya?"

"Ndiye huyo."

Sadiki akamkabidhi jirani redio aitunze, akaanza kufunga mizigo. Nikamshukuru Mungu, ingawa nilikuwa nimemwomba watu watano.

Adhuhuri tulikuwa Usa River, tukapata Land Rover iendayo Ngarenanyuki. Sadiki alipakata gitaa na spika ndogo aliyoiunda mwenyewe ili ifanye kazi kwa betri ya gari. Dereva, kijana aitwaye Lomayani, alimtazama mara mbili tatu. Kisha akasimamisha gari, akashuka, akazunguka hadi upande wetu, akamshika Sadiki mkono kwa mikono yake yote miwili, akarudi kwenye usukani. Baada ya hapo akaweka kaseti ya Kimondo, na haikutoka tena.

Karibu na Momela nyati walikuwa wamelala barabarani. Lomayani akazima injini ili wasikasirike. Kaseti hakuizima. Nyati hawakuwa na haraka, na abiria nao sasa hawakuwa nayo. Waliimba upande wa kwanza, wakageuza, wakaimba wa pili. Nyuma yangu mama mmoja mwenye matenga matupu ya nyanya alikuwa anafuta machozi. Nikageuka.

"Pole, mama. Kuna msiba?"

"Hapana, baba. Ni hapa solo inapopanda. Mume wangu aliniimbia kwa mdomo nikiwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza."

"Naye sasa yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, analisha nguruwe."

Nyati walipoondoka, gari halikuwaka. Kaseti ilikuwa imekula betri yote. Tukashuka tukasukuma, mimi nikiwaza kwamba sijawahi kusikia mzee wa kanisa aliyeliwa na chui kwa ajili ya bendi. Likawaka, tukafika salama kwa neema tu.

Jumamosi asubuhi, uani kwa Elirehema, upande wa bwana harusi walikuwa wameshafika na wamechoka kutabasamu. Anaeli alikuwa amekaa na gauni lake jeupe. Mchungaji alikuwa ametuma neno kwamba ana ndoa nyingine baada ya hii, hatangoja. Elirehema alikaa kwenye kigoda na koti lake la suti.

"Karibu, shemeji. Wako wapi wengine?"

"Wengine sikujaliwa. Nimekuletea solo."

"Nadhiri yangu ilisema Kimondo."

Sadiki akaunganisha spika kwenye betri ya Land Rover iliyoegeshwa kati ya migomba. Akapiga ubeti mmoja, watu wakapiga kelele za furaha. Katikati ya wa pili gitaa likaanza kulia kama mbuzi mwenye mafua, likanyamaza. Lomayani akakimbia kuwasha gari. Halikuwaka, na katika migomba ile hapakuwa na pa kulisukuma.

"Baba," Anaeli akasema, "unataka nizeekee hapa na gauni la kuazima?"

Elirehema akainamisha kichwa. Niliona kwamba naye anaumia, ila neno lilikuwa limeshamtoka.

Hapo mwanamume mmoja akapokea solo kwa mdomo, palepale ilipokatikia. Alikuwa mume wa yule mama wa matenga. Kushoto, walikosimama watu wa solo, wakamfuata. Kulia wanaume wazima wakaanza kunguruma besi, ndu, ndu, ndundu, na mtu akageuza ndoo ikawa ngoma. Vidole vya Sadiki vilikuwa vinatembea juu ya nyuzi zisizotoa sauti. Akainua mkono.

"Hapana, hapo inashuka. Rudieni."

Wakarudia. Elirehema akainuka, akaenda kulia, akanguruma huku machozi yakishuka, na Naomi akavuka kutoka kwenye solo akasimama naye. Hilo, niliambiwa, halijawahi kuonekana.

Wimbo ulipokwisha wote wakanitazama mimi.

"Mzee wa kanisa," Elirehema akasema, "Kimondo imepiga au haijapiga?"

"Shemeji, upepo ulipoezua kanisa lenu, mlisali wapi?"

"Kwenye migomba hii."

"Mlisema kanisa limekwisha?"

"Hatukusema."

"Basi."

Akafikiri, akajifuta uso kwa kofia. "Anaeli, mwanangu, simama twende. Mchungaji anasubiri."

Jumatatu nilirudi Kisongo. Nilikuwa nimekwenda kumfungua mtu nadhiri, nikafunguliwa mimi masikio. Nimeona kwamba watu wanaweza kunyang'anywa vyombo vyote na bado wakabaki na walichopewa, na kwa hilo nashukuru. Baraza la wazee lilipokutana niliomba suala la gitaa la kwaya lirudishwe mezani. Mwenzangu mmoja akaniuliza safari hii nimekuja na mistari gani.

Nikamwambia sina hata mmoja. Niliomba jambo moja tu: wakinunua, waanze na besi.