Simu ya Neema Kutoka Kwenye Weupe

Juzi, dukani Area 36, nilimwona muuzaji akibandika pamba dirishani kwa ajili ya Noeli, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Neema, rafiki yangu wa nyumba ya jirani, alikuwa amehamia Amerika na wazazi wake. Siku ya kuondoka, watu walilia kando ya basi, kisha majirani wakagawana masufuria na magodoro waliyoacha akina Neema. Nilijua mambo hayo hufanyika mtu akifa.

Mvua ilikuwa imetoka kukatika, mabati yakidondosha maji na makaa mabichi yakinuka, simu ya mama ilipolia. Kwenye kioo chake alisimama Neema. Nyuma yake kila kitu kilikuwa cheupe kama majivu: njia, mapaa, miti isiyo na jani hata moja. Hapakuonekana mtu mwingine. Alipofungua mdomo, moshi ulimtoka.

“Furaha, we uko?”

Nywele zilinisimama.

“Jibu basi, mwenzako anakuita,” mama akasema.

“Mama, Neema alishakufa.”

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Neema hakucheka.

“Furaha, mi njo Neema! Huku hakuna batoto ba kucheza nabo.”

Nilijificha nyuma ya pazia. Aliendelea kuniita, sauti ikififia, mpaka simu ikakatika. Hakupiga tena.

Leo najua ile ilikuwa theluji, na moshi ule ulikuwa pumzi yake. Ila siku ile, aliyenyamaza kama maiti nilikuwa mimi.