Mtoto wa Saba wa Evelio Fundi Ngozi

Mimi ndiye niliyemharibia baba yangu cheo, tena kwa kuzaliwa tu.

Baba, Evelio, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi na nyumbu pale Castrillo, kwenye nyanda za Kastilia, na kabla yangu alishapata madume sita mfululizo. Zamani za wafalme, mtu akizaa wavulana saba bila msichana kukatiza, alihesabiwa hidalgo, muungwana asiyesumbuliwa na kodi. Watu waliwaita kwa kejeli "waungwana wa vifungo vya suruali", na msiniulize kwa nini. Sheria yenyewe ilikufa kitambo, lakini kilabuni kwa Quirino walikuwa wameapa: wa saba akiwa mvulana, Evelio ataitwa Don, kama mabwana wenye mashamba, mpaka kaburini. Jina lilikuwa tayari, Fernán. Nikatoka mimi, msichana. Wakaniita Fernanda, yakaisha.

Yaishe wapi! "Huyoo, aliyemvua baba'ke u-Don!" walinizomea kila nilipotumwa divai. Nilicheka nao, kisha nikifika nyumbani nalia nyuma ya zizi.

Kaka zangu hawakuipenda karakana. Mimi nilikuwa na miaka minane Baba aliponipa msharasi wa kutobolea ngozi na uzi uliopakwa nta. Mikono ikishona, mdomo nao haupumziki.

"Hidalgo maana yake nini, Fernanda?"

"Mwana wa kitu, Baba."

"Kitu gani?"

"Chochote, mradi asiwe mwana wa bure."

"Ehee! Na caballero?"

"Mwenye farasi."

"Basi. Bila farasi ni mtu wa miguu kama mimi na wewe. Na farasi bila tandiko? Anamtupa mtaroni, upanga kule, bwana kule! Escudero?"

"Mbeba ngao."

"Na ngao ilivikwa ngozi. Ngozi, mwanangu! Mabwana wote hao tumewashona sisi."

Nilipomaliza kola yangu ya kwanza, ile ya ngozi anayovikwa nyumbu shingoni, aliikagua mshono kwa mshono, kisha akanizaba kikofi cha shingoni. "Hivi ndivyo mfalme alivyomtawaza askari wa farasi," akasema. Jamani, wiki nzima sikunawa shingo.

Siku zile tamu zilikwisha. Matrekta yalikuja, nyumbu wakauzwa, kaka zangu wakaenda zao Bilbao na Ujerumani. Stesheni ilipopata vyoo vipya, mlango mmoja, wa wanaume, uliandikwa Caballeros. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. "Farasi wamekwisha, Fernanda! Sasa mwenye haja ndogo ndiye caballero!"

Kipupwe cha mwisho cha Baba, Quirino wa kilabuni alikuja kumjulia hali. "Evelio bwana, ilibaki kidogo tu uwe Don! Kama si huyu!" Akanielekezea kidole, akacheka peke yake. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na bado iliniuma.

Alipoondoka, niliketi kumlisha Baba supu ya kitunguu saumu. Nikauliza kabla sijaogopa.

"Baba, niambie kweli. Ulijuta nilipozaliwa?"

Nilitaka aseme hapana. Hata kama ni uongo, aseme tu.

"Nilijuta," akasema. "Siku tatu sikukubeba. Mama yako alikuleta mpaka kwenye meza ya kazi, nikageuza uso, nikaendelea kushona."

Nikakirudisha kijiko bakulini.

"Siku ya nne ulilia, mama yako yuko kisimani. Nikakubeba ili unyamaze, ukanyamaza papo hapo. Uliniamini, mimi niliyekususa! Tangu hapo sikuwa na raha. Mtoto mchanga anaombwaje radhi? Mimi mtu wa maneno, na hilo sikulijua. Nikangoja ukue, nikakupa msharasi. Kaka zako walisema wamechoka, nikawaachia waende. Wewe sikukuachia. Kila mshono niliokufundisha, nilikuwa nakuomba radhi."

"Miaka yote hiyo, Baba?"

"Na wewe hujanijibu."

Nikaushika mkono wake wenye sugu, nikamwambia nimemsamehe. Akanitazama usoni, akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Ndipo akafungua mdomo, nikamlisha supu yake.