Kisu cha Mkono wa Kushoto

Nilikuwa naliogopa lile jiwe la kunolea la umeme kuliko mtihani wa hesabu. Likiwashwa, karakana nzima ya baba mdogo kule Gongo la Mboto inatetemeka. Baba mdogo ana kovu chini ya jicho. Siku moja jiwe lilidaka kisu alichokuwa ananoa likamrushia usoni. Hajawahi kunificha. Alinionyesha lile kovu kabla hajanionyesha nyundo.

Likizo hii nilimwomba anifundishe kutengeneza kisu kimoja tu, cha mama. Mama anakaanga mihogo ya kuuza, na kisu chake kimelika mpaka kimekuwa kama kijiti. Baba mdogo akanikatia kipande cha springi ya gari, akakitia mpini.

"Ni hikihiki. Ukikiunguza kikawa bluu, chuma kimekufa, na kingine sina. Haya, unataka makali ya namna gani?"

Nikakigeuzageuza kile chuma.

"Sista anataka ya kuchinjia ng'ombe!" akadakia kaka mmoja anayefanya naye kazi, akacheka peke yake.

"Anayeanza ananoa upande mmoja," baba mdogo akasema. "Huku unaacha bapa, huku unateremsha. Ukinoa pande zote mbili lazima zikutane katikati, na mkono mgeni hauwezi. Ila kisu cha upande mmoja kina mkono wake. Ukikishika kwa mkono mwingine kinakwenda kombo, kinakutafuta vidole."

"Kama mkate uliopakwa siagi upande mmoja," kaka akasema.

Mie nilifurahi. Upande mmoja maana yake nusu ya woga. Baba mdogo akachora mstari wa chaki upande wa kulia, akanivisha miwani, akawasha mashine.

Nilipogusa jiwe tu, cheche zikaruka, nami nikakumbuka. Mama ni mashoto. Kula anakula kwa kulia kama sie wote, lakini kisu hukishika kwa kushoto.

Nikamwita baba mdogo, jiwe likaimeza sauti. Ili nisikike ilibidi nipige kelele, na mie kelele siwezagi. Jiwe linalia, baba mdogo ananiashiria niendelee. Nikaona kidole gumba cha mama, na damu kwenye mihogo. Nikanyoosha mkono nikazima mashine.

Hakuna mtu anayemzimiaga baba mdogo mashine.

"Nani kazima?"

"Mie. Shikamoo."

Sijui kwa nini nilimwamkia tena. Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

"Marahaba," baba mdogo akasema, hacheki. "Enhe?"

"Mama ni mashoto."

"Shemeji? Miaka yote hii?" Akatazama ule mkwaruzo wangu mdogo, akafuta chaki kwa kidole chenye mate, akachora upande wa pili. "Sasa mikono inabadilika. Mpini utaushika kwa kushoto. Ule urahisi niliokupa umeshaondoka."

Nikanoa kwa mkono nisiouzoea. Kila chuma kilipopata moto nilikichovya kwenye ndoo, nikitazama kama kimegeuka bluu. Hakikugeuka. Mstari ulipinda, lakini makali yalitoka.

Jioni, mama alikishika kwa kushoto akaweka muhogo kwenye ubao. Nilitaka kumwambia asubiri kwanza. Muhogo ukafunguka.

"Kinakwenda wima," akasema, akaendelea kukata huku anaongea na jirani, wala hatazami mikono yake.

Mie niliitazama. Sikuondoka pale mpaka mihogo yote ikaisha.