Freshi Tu, Dada

Silipendi neno freshi. Waingereza walituachia maneno mengi, lakini hili limetuzoea mno, linaingia kila mahali bila hodi. Hapa Mbinga sokoni, mkate freshi ni ule wa jana uliovalishwa mfuko mpya. Maziwa freshi ni yale ambayo hayajaganda, hata kama nusu yake ni maji. Samaki freshi ni yeyote ambaye hajakaushwa, hata kama alitoka ziwani juzi akapanda milima yote hii ndani ya ndoo. Na mtu ukimuuliza hali, naye ni freshi.

Mama alizaliwa Mbaha, ufukweni mwa ziwa, akaolewa huku juu kwenye kahawa. Samaki hanunui kwa maneno. Humbonyeza kwa kidole gumba, humfunua mashavu, halafu humtazama jicho. Likiwa na ukungu, anamrudisha kwenye beseni bila hata asante, na wakwe zake waliona ni dharau. Sisi wanawe tulifundishwa hivyo kabla ya kujua kusoma. Mdogo wangu wa kiume alituzidi wote: yeye alitazama jicho tu, hakuhangaika hata kumshika.

Siku hizi mdogo wangu huyo anaendesha lori la makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka. Mwaka huu akaanza kunitia shaka. Aliacha kuandika meseji, akawa anatuma sauti. Nilimtumia picha ya watoto wangu, akajibu, "Wamekua!" Kesho yake nikamtumia picha ya mbuzi, makusudi. Akajibu, "Wamekua!" Nikimbana, jibu ni lile lile: "Freshi tu, Dada." Hiyo "tu" ndiyo iliyoninyima raha. Niliogopa kwamba haoni vizuri, na kona za barabara ile hazina mzaha.

Nilimweleza Mama.

Jumapili baada ya misa mdogo wangu akaja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nichagulie samaki, mbasa wawili, kwenye beseni hilo. Mimi mikono ina unga."

Akachuchumaa. Akambonyeza wa kwanza, akamnusa wa pili, akamnusa na wa tatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona hakumtazama hata mmoja jicho. Akanyanyua wawili.

"Hawa hapa. Freshi."

Mmoja jicho lake lilikuwa jeupe pe. Mama alikuwa amemnunua asubuhi ile akijua, samaki wa barafu, mwili mgumu lakini jicho limekufa. Sijawahi kumwona akinunua samaki wa namna hiyo maisha yake yote.

Akafuta unga mikononi, akamshika mwanawe kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga na kumfunua kope. Alitazama kwa muda mrefu, jicho moja, kisha la pili.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya kahawa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikienda hospitali, leseni wataichukua, Mama. Nina watoto."

Nilikasirika. Mama hakugomba. Alinyoosha kiganja tu, akasubiri. Mdogo wangu akatoa funguo za lori mfukoni, akataka kuziweka mkononi mwa Mama, akakosa kiganja. Zikaangukia kwenye beseni, katikati ya samaki.

Alikuwa apakie makaa kesho yake asubuhi.