Samaki Wanaolisha Lengalenga

Chekeni tu, jamani. Hata mimi sijamaliza kushangaa.

Kambini kwetu Lubumbashi, agronomu Kalenga, bwana shamba wetu, alijenga basini, kibwawa cha samaki, na juu yake sanduku la kokoto lenye mboga za lengalenga. Pampu ilipandisha maji, yakapita kwenye mboga, yakarudi kwa samaki. Siku ya kwenda safari ya Kasomeno, Kalenga akaniachia kazi: "Mama Feza, samaki njo banalisha mboga. Bila samaki, mboga itakufa."

Mboga inakula samaki? Nikamuuliza, "Samaki bote, sitwayeni?" Ndivyo tulivyoitana wananchi enzi zile.

"Bote, mama!" Akapanda gari.

Basi kila asubuhi nilivua samaki, nikamkatakata, nikamzika kwenye kokoto. Paka wa kambi nzima walihamia kwetu. Lengalenga zikanyauka, nami nikaongeza samaki.

Kalenga alirudi na wakubwa wa Chama tawala. "Basitwayeni," akawaeleza, "mavi ya samaki njo mbolea yetu."

Mavi! Mkubwa mmoja, ameziba pua, alifukua kokoto aone mizizi. Akatoa kichwa cha samaki.

Kalenga akanitazama. "Mama, bengine beko wapi?"

Nikamwonyesha lengalenga.