Nilisingizia Netiweki ya Uganda

Makosa ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu nimejaribu kuandika haya mara kadhaa na kila mara najikuta nimeanza na serikali, ama na mtandao, ama na maisha kuwa magumu. Halafu nafuta.

Mimi ni mfanyabiashara wa hapa Malaba, upande wa Kenya. Nauzia ofisi za serikali vitu vidogo vidogo: karatasi, kalamu, mifagio, sabuni ya sakafu. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo mnivumilie.

Ukuta mmoja na duka langu kulikuwa na mama ambaye nitamwita Mama Amoit. Si jina lake. Alikuwa anashona shuka za hospitali, mapazia ya wodi, nguo za wagonjwa. Nilipokuja kutoka Funyula, kwetu Samia, sina hata meza, ni yeye alinipa kona kwa duka lake, na hakuniitisha kitu mpaka nikaweza kukodisha hapo kando. Nasema hii mapema ili mjue niliyemfanyia ni nani.

Zamani ofisa wa ununuzi akitaka shuka alikuwa anapiga simu. Halafu tukaambiwa mambo yote yanahamia kwa mtandao. Kila mwenye kuuzia serikali ajiandikishe, aweke bidhaa zake kwa katalogi na picha na bei, na mwenye hayuko kwa katalogi asahau. Tuliitwa semina. Ofisa aliyetufundisha alirudia hadi wazee wakaelewa, siwezi kumlaumu. Oda ikiingia, ujumbe unakuja kwa simu yako na unapewa muda wa kukubali. Muda ukipita, oda inaenda kwa muuzaji anayefuata mwenye bidhaa kama hiyo. Ukiacha zikupite tena na tena, unatolewa.

Mama Amoit alikuwa na kabambe, ile simu ya vitufe. Hakutaka ingine, na uwezo alikuwa nao.

"Hiyo ya kugusa itanifanya nishone vidole," aliniambia. "Wewe kijana wa Samia, weka yangu kwa yako. Ikilia utaniita. Si ni ukuta tu?"

Simu yangu ina laini mbili. Ya pili nikaiandika kwa akaunti yake. Shuka zake nilizipiga picha mwenyewe, zimetandikwa juu ya kitanda changu, mke wangu akivuta pembe. Zilitokea vizuri sana.

Nilipokuwa najaza akaunti yangu, mfumo ukaniuliza kama kuna bidhaa zingine naweza kuleta. Nikaweka tiki kwa shuka. Sijui kwa nini. Ama najua. Nilijiambia ni ya kujaza tu, nafasi isikae bure.

Oda ya kwanza ya shuka ilipokuja nilimwita kwa ukuta, tukakubali pamoja, akashona, akapeleka. Iliyofuata hivyo hivyo. Mimi kwa upande wangu hakuna kitu kilikuwa kinaingia. Watu wa karatasi tulijaa kwa hiyo katalogi, wengine wa mbali wenye bei siwezi kufikia. Simu yangu inalia, nakimbilia, nakuta ni oda ya Mama Amoit. Iliniuma, sitaficha.

Halafu ikaja ile kubwa. Shuka za hospitali nzima. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na cherehani yake naisikia upande ule mwingine. Nikaweka simu mfukoni.

Sikufanya kitu kingine. Sikufuta, sikughushi. Nilinyamaza tu hadi muda ukaisha, na oda ikaingia kwa jina langu. Nilikubali saa hiyo hiyo.

Mama Amoit alisikia kwa watu wa hospitali kwamba alitumiwa oda na hakujibu. Akaja dukani, sindano bado imechomekwa kwa kola.

"Kijana, kwani ilikuja?"

"Haikulia, mama. Unajua hii simu ikikaa hapa inashika netiweki ya Uganda. Ujumbe unapotelea huko."

Mtu wa Nairobi angeuliza maswali. Hapa hakuna wa kuuliza. Kila mtu Malaba ameshaamka akakuta simu inamkaribisha Uganda na yeye hajatoka kitandani. Mama Amoit alicheka.

"Hao Waganda sasa wananichukulia hata kazi," akasema, akarudi kwa cherehani yake.

Labda angenibana kidogo ningesema ukweli. Labda. Sijiamini hata kwa hilo.

Shuka nilinunua kwa jumla, zimeshonwa tayari, nyepesi. Mke wangu akanikuta nazipanga.

"Sisi tunauza kalamu. Hizi ni za nani?"

"Ni oda."

"Mwenye kushona shuka ni yule mama. Oda imemruka yeye ikakujia wewe?"

"Ni mfumo umechagua."

"Huo mfumo unalala kwa hii nyumba?"

Niliendelea kuzipanga, na hakuniuliza tena. Lakini tangu siku hiyo haachi simu yake mezani kama niko nyumbani.

Nilijiapia ni mara moja tu. Kumbe ikaja ingine ya Mama Amoit, na nikaona nikimwita atashangaa hii imefikaje na ile ilipotea. Nikaiacha pia ipite, hata sikuitaka. Na ingine. Hapo mfumo ukamtoa kwa katalogi kama muuzaji asiyejibu. Hilo sikuwa nimelikusudia. Lakini wa kulizuia nilikuwa peke yangu, na sikulizuia.

Kuna kitu kibaya kuliko hicho. Mama Amoit alitaka twende Busia mjini kwa watu wa kampuni ya laini, tulalamike. Na nikaenda. Nilisimama kando yake akimweleza dada wa kaunta vile mpaka wa Uganda umemnyima kazi. Huyo dada alikuwa mpole, akatuonyesha namna ya kuizuia simu isishike ya ng'ambo. Tukitoka, Mama Amoit akanishika mkono. "Usijilaumu," akaniambia. "Hata wewe imekuharibia."

Kazi ya serikali ndiyo ilikuwa inalipia lile duka. Aliwaachisha kazi akina mama wawili aliokuwa akishona nao, halafu akafunga, akapeleka cherehani nyumbani kwake Busibwabo. Huko anashona viraka. Mimi nami, shuka zangu zilichanika kwa kufuliwa, na hospitali haijaniagiza tena. Haikunikosea.

Baadaye nikasikia kwamba aliyetolewa anaweza kurudishwa akiomba. Nikamjazia ombi lote kwa simu, ikabaki nafasi ya namba ya kupokelea ujumbe. Nilidhani nikienda kuungama na hilo mkononi itakuwa rahisi. Ona vile bado nilikuwa natafuta urahisi.

Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamweleza yote, mikono yake ikiendelea.

"Hata ile siku ya Busia ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Alitoa kijiwe, akakitupa. Mimi nikaharakisha kusema kwamba akaunti inaweza kufunguliwa, ashone tena, anitajie tu namba.

"Ya nani?"

"Yako, ukipata simu nyingine. Ama ya mtu unayemwamini."

"Huyo nilikuwa naye," akasema. "Sasa hapo nitaandika nani?"

Nilingoja anitukane. Alisimama akaenda kuweka maharagwe jikoni, na hakurudi. Ombi lake bado liko kwa simu yangu. Haliwezi kutumwa bila hiyo namba.

Kwenu mnaosoma: siku hizi kila kitu kimehamia kwa simu, na kila mtaa kuna mtu ameshikia mwingine ujumbe wake, mama mkwe, jirani, mzee asiyeona vizuri. Kama ni wewe, simu ikilia na ni ya mwenyewe, inuka umwite papo hapo. Usijipe muda wa kufikiria. Mimi nilijipa, na hivi ndivyo nilivyoutumia.