Asubuhi za Kusikiliza Moyo wa Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kazi yangu ya kwanza ya asubuhi haikuwa kuteka maji mferejini wala kufungulia mbuzi. Ilikuwa kusikiliza moyo wa mama. Baba akishatoka, na wadogo zangu wakiwa bado wamelala, mama aliniita kwa sauti ya chini. Nilipanda kitandani kwake, nikalaza sikio chini ya titi lake la kushoto.

"Unapiga?"

"Unapiga, mama."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

Hapo ndipo alipoweza kuinuka na kuwasha moto.

Tulikaa juu ya Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, pale migomba na kahawa zinapoishia na msitu kuanza. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na vijana wengi wa kwetu waliteremka kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mmoja wao alikuwa mjomba Anaeli, mdogo wake mama, mtu wa miguu mirefu na kicheko kikubwa, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa. Siku moja alikuwa akiosha kahawa. Wenzake walisema alishika kifua, akawaambia, "Ngojeni kidogo," akaketi ukingoni mwa tangi. Hakuinuka tena. Walimpandisha nyumbani kwenye machela ya magunia, na nilipomwona nilidhani amelala, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kitu.

Sasa lazima nieleze habari za perere, kwa sababu bila yeye mtu hawezi kuelewa hofu ya mama. Perere ni mnyama mdogo mwenye manyoya, ndugu yake pimbi, ila yeye huishi juu ya miti. Ukimwona mchana utamwonea huruma. Lakini giza likianza kuingia hulia, na kilio chake hakilingani na mwili wake hata kidogo. Huanza kama mlango unaokwaruza, kisha sauti hupanda, na kupanda, mpaka inakuwa yowe la mtu anayekabwa koo. Wazee wetu walisema analia hatua kwa hatua akipanda mti, na yowe la mwisho hutoka akifika kileleni. Akikatiza kilio katikati, walisema, basi kuna mtu karibu na hapo ambaye naye hatamaliza.

Jioni ya kuamkia siku aliyokufa mjomba, perere alikatiza. Nilikuwapo jikoni. Mama alisema tu, "Huyu naye amenyamaza nini?" akaendelea kumenya ndizi. Nadhani hakujisamehe kwa maneno yale.

Wiki chache baada ya matanga, perere alikuja kwenye mti wa mringaringa ulio nyuma ya nyumba yetu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Kilio kikaanza, kikapanda, kikakatika kana kwamba mtu amekifunika kwa kiganja. Safari hii mama aliweka kisu chini, akaweka mkono kifuani, akakaa hivyo mpaka ndizi zikaungua.

Kesho yake alfajiri aliniita kwa mara ya kwanza.

Kwa nini mimi, na si kaka yangu Yona au baba? Baba angemcheka au angeogopa, na mama hakutaka lolote kati ya hayo mawili. Mimi nilikuwa mtoto wa katikati, mwenye masikio mazuri na mdomo mzito. Na hapa niseme ukweli ambao sikuusema kwa miaka mingi: niliipenda kazi ile. Tulikuwa watoto watano, na tangu nipate fahamu zangu palikuwa daima na mdogo mwingine mapajani kwa mama. Sasa kila asubuhi kifua kile kilikuwa changu peke yangu. Kilikuwa na joto na harufu ya moshi na maziwa, na ndani yake mlikuwa na sauti ile, kama mtu anayetwanga mahindi ng'ambo ya korongo.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa kali, mtoto mchanga akaanza kulia na mama akataka kuinuka haraka. Nilikuwa bado sijashiba joto. Nikasema, "Subiri, mama. Moyo umeruka pigo."

Akaganda. Kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanibana kifuani. "Sikiliza tena," alisema. Tulikaa hivyo mpaka jua likapenya kwenye nyufa za ukuta, na mtoto akilia tu.

Nilisema hivyo tena siku tatu baadaye. Halafu tena.

Sikujua ninafanya nini. Au nilijua kidogo, kama mtoto anavyojua kwamba jani analolichoma lina mdudu juu yake. Mama aliacha kubeba mzigo wa majani ya mbuzi. Kisha akaacha kwenda mferejini. Kahawa ilipoiva alifika mpaka kwenye safu ya kwanza ya miti, akarudi akishika ukuta, na siku iliyofuata hakutoka kitandani. Shangazi walikuja kuchuma. Walizungumza kwa kunong'ona, na kila jioni walitega sikio upande wa mringaringa, kisha wakaondoka mapema.

Baba akaamua kumpeleka hospitali ya misheni. Mama alikataa kwenda bila mimi, kwa hiyo tuliteremka watatu kwenye njia ile ya mtelezo, tukipumzika kila kona. Mganga aliyetupokea alikuwa Mmeru mwenzetu, mtu mpole aliyevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi. Aliweka mipira masikioni, akamsikiliza mama muda mrefu, mbele na mgongoni.

"Mama Yona," alisema, "moyo wako ni mzima. Ulichonacho ni msiba, na hofu iliyokuja pamoja na msiba. Kula, tembea kidogo kidogo, utapona."

"Mtoto amesikia ukiruka," mama akasema.

Mganga akanigeukia. Baba naye akanigeukia. "Ni kweli umesikia?"

Ningeweza kuyamaliza pale pale. Nikatazama viatu vya mganga.

"Ndiyo," nikasema.

Mganga alieleza kwamba hata moyo mzima huruka pigo mara moja moja, lakini mama hakuwa akimsikiliza tena. Njiani kurudi aliniegemea bega, akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Mipira ile haisikii vizuri. Wewe unasikia."

Asubuhi iliyofuata nilipanda kitandani nikiwa nimeazimia kumwambia kwamba kila kitu ni sawa. Ukungu ulikuwa mzito, hata jogoo hakuwika. Nikalaza sikio. Moyo ukapiga, ukapiga, kisha ukanyamaza.

Sijui ni muda gani. Leo nitasema ni pumzi moja, pengine chini ya hapo. Lakini nakumbuka nilipata nafasi ya kusikia maji yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa, na kitu fulani kikitambaa juu yake, taratibu, kwa makucha, kutoka upande wa mringaringa. Kisha moyo ukarudi kwa kishindo, kama mtu aliyejikwaa kizingitini, ukaendelea.

Niliinua kichwa. Mama alikuwa akinitazama.

"Vipi?"

"Sawasawa, mama."

Tangu saa ile hofu ya mama ikahamia kwangu. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa ametuonya mara nyingi tulipocheza mchezo wa kujifanya wagonjwa: "Msiutaje ugonjwa usiokuwapo. Ukisikia jina lake hudhani umeitwa, nao huja." Basi nilikuwa nimeuita, mara tatu, na mara ya nne mbele ya mganga, na umekuja. Nilikuwa nimeufundisha moyo wa mama kuruka. Shuleni nilianza kusikia moyo wangu mwenyewe ukigonga shingoni hata mwalimu aliposema. Niliogopa kukimbia, na niliogopa zaidi kulala, nikidhani nisiposikiliza utasimama.

Siku ya tano nilimwendea bibi. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya kwetu, na nilimkuta akikata majani ya migomba. Sikumwamkia hata shikamoo. Nikasema, "Bibi, nimemuua mama."

Hakushtuka. Aliweka panga chini, akaketi juu ya shina la mgomba uliokatwa, akaniambia niseme taratibu. Nikasema yote: joto, uongo, mganga, ukimya. Alipokuwa akisikiliza alibandua utomvu mkavu kwenye vidole vyake, na nilipomaliza hakunigombeza.

"Njoo hapa," akasema. Akafungua shuka begani. "Sikiliza."

Kifua chake kilikuwa kikavu, mifupa mitupu. Nililaza sikio, na nilichokisikia sikukisikia hata kwa mama. Moyo wa bibi ulikwenda kama mbuzi wanaoshuka kwenye mawe: wawili pamoja, mmoja, kimya, watatu wakikimbizana, kimya tena.

"Umesimama, bibi!"

"Husimama. Halafu huendelea."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomzaa baba yako."

"Na huogopi?"

Akafikiri. "Niliogopa mwaka mzima. Nililala tu, kama mama yako. Kisha mvua zikanyesha, na hakuna aliyekuja kunipandia maharage."

Nilimwuliza kama niende nikamwambie mama kwamba nilidanganya. Akatikisa kichwa. "Hatakuamini. Atadhani unamficha. Niachie mimi."

Jioni ile alipanda kwetu. Baba alikuwa barazani. Bibi alimpita bila salamu, akaingia chumbani, akamwambia mama, "Mama Yona, sogea." Akapanda kitandani. Jambo kama hilo halikuwa likifanyika kwetu. Mkwe alikuwa mtu wa kuinamiwa, hata kula mbele yake kulikuwa na taratibu zake. Mama alijikunja ukutani kwa aibu.

"Weka sikio lako hapa."

"Mama, siwezi."

"Weka."

Mama akaweka. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika fremu. Niliona uso wake ukibadilika, macho yakipanuka.

"Mama! Umekatika!"

"Subiri."

"Mama..."

"Nimekwambia subiri."

Kisha mama akavuta pumzi ndefu. "Umerudi."

"Hurudi," bibi akasema. "Mpaka siku utakapokataa. Siku hiyo sitakuwapo kuulalamikia."

Wakati huo huo, nje, kilio kikaanza. Mlango unaokwaruza, kikapanda, kikapanda, karibu sana, juu ya vichwa vyetu. Baba alisimama barazani. Kilio kikakatika katikati ya mti.

Hakuna aliyetikisika isipokuwa bibi. Aliteremka kitandani, akajifunga shuka, akaenda mpaka mlango wa nyuma, akaufungua. Nje ulikuwa ukungu tu, mringaringa wenyewe hauonekani. Akazungumza na ukungu ule kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemjibu jirani.

"Nimesikia. Ni mimi unayenitafuta, umekosea nyumba. Huyu ana watoto wadogo. Mwache."

Tukasikia kitu kikiteremka kwenye gome la mti, kucha kwa kucha, mpaka chini. Kisha majani makavu. Kisha hatukusikia kitu. Bibi akafunga mlango, akamwambia mama, "Kilio hiki sasa ni changu. Nipe ndizi nile, nirudi kwangu." Akala, akarudi kwake, akaingia kwenye ukungu ule ule peke yake, na baba hakuthubutu kumsindikiza.

Mama hakupona siku moja. Lakini asubuhi iliyofuata hakuniita. Alivaa, akashika mkongojo, akateremka kwa bibi kumsikiliza. Akaenda na siku ya pili, na ya tatu. Alimpikia uji, alimkatia majani, alimkataza kubeba kuni. Sikumbuki ni siku gani aliacha mkongojo. Kahawa ya mwaka uliofuata alichuma mwenyewe.

Mimi nililia kwa wivu, nakiri. Kifua kile kilikuwa kimefungwa.

Bibi alikufa masika ya pili baada ya hapo, mchana, ameketi na ungo wa maharage mapajani. Kama perere alikatiza jioni iliyotangulia, siwezi kuapa. Mama alisema alikatiza. Baba alisema alilia mpaka kileleni. Walibishana juu ya jambo hilo mpaka uzee wao, na kila mmoja alikuwa na hakika.

Mama aliishi miaka mingi sana. Mwishoni alikaa nami mjini, mtaa wa Sakina, kwenye chumba kinachotazama barabara ya Nairobi, akilalamikia kelele za magari. Siku moja nikimpaka mafuta miguuni nilimwambia ule uongo wa Julai. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Alicheka kidogo. "Mwanangu Anasia, nilihisi tangu mara ya kwanza. Ulinikumbatia mno."

"Sasa mbona uliniamini?"

"Mtu mwenye hofu hatafuti mkweli. Anatafuta shahidi."

Nikaendelea kumpaka mafuta. Ningeweza kumwambia pia habari ya asubuhi ile nyingine, ya maji yakidondoka na kucha juu ya paa, lile pigo moja lililokosekana kweli. Hilo ndilo jambo pekee la kweli nililowahi kulisikia kifuani mwake, na ndilo pekee nililomficha. Alikuwa ameishi nalo zaidi ya miaka hamsini bila kulijua, akilima, akizaa, akizika, akiimba kwaya. Nikaona kwamba halikuwa langu kulisema. Nikamfunika miguu, nikaenda kuweka chai jikoni.